Mgeni Akishika Jembe, Tumsemeshe kwa Lugha Gani?

Kila ufikapo mwezi wa Juni, shule na vyuo vya Ulaya vinapokaribia kufungwa, huanza kuonekana pale Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi, vikundi vya vijana wageni waliovaa kofia pana na viatu vya mpira. Hukaa majuma mawili au matatu. Hupanda mikoko, huokota plastiki ufuoni, hupaka rangi kuta za madarasa, na jioni huketi pamoja na vijana wenyeji kuzungumzia mila na desturi za pande zote mbili. Siku ya mwisho huwa na ngoma, hotuba na picha nyingi. Kisha basi huvuka daraja, na miche hubaki matopeni ikingoja maji yajae.

Mimi si miongoni mwa wanaoibeza shughuli hii. Wahenga walituagiza tumpe mgeni jembe siku ya tatu, na hawa huliomba siku ya kwanza. Hiyo ni adabu njema, wala haifai kuchekwa. Hata hivyo, katika methali ile anayelitoa jembe ni mwenyeji. Yeye ndiye ajuaye shamba li wapi, msimu ni upi na mbegu gani yafaa. Mgeni hulima, mwenyeji huelekeza. Swali ninalotaka kuliweka mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao ni je, katika mabadilishano haya ya vijana, ni nani anayeelekeza, na anaelekeza kwa lugha gani?

Tuangalie kwanza chimbuko la jambo lenyewe. Kambi za kazi za vijana wa mataifa mbalimbali hazikuanza kwa ajili ya kuisaidia Afrika. Zilianza mwaka 1920 katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa, mahali palipokuwa pamegeuzwa vifusi na Vita Vikuu vya Kwanza. Mswisi Pierre Ceresole aliwakusanya watu wachache, Wajerumani wakiwemo, wakaanza kujenga upya nyumba katika ardhi iliyokuwa bado na harufu ya baruti. Baada ya miezi michache upinzani wa wenyeji dhidi ya Wajerumani uliwalazimisha kuondoka. Kambi hiyo basi haikufaulu sana kwa hesabu ya nyumba. Lakini wazo lilibaki: waliokuwa maadui washike sepetu moja, na katika kuishika wazungumze. Mwaka 1948, chini ya mwavuli wa UNESCO, vyama vya namna hiyo viliundiwa kamati ya kuviunganisha. Hapa kwetu, Kenya Voluntary Development Association ilianza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na tangu hapo imekuwa ikiandaa kambi zinazowakutanisha vijana wa Kenya na wa ng'ambo.

Nimeirejelea historia hii kwa sababu ina somo ambalo waandaaji wengi wa leo wameliacha njiani. Pale Esnes hakuna aliyekuja kumfundisha mwenzake ujenzi. Walikuja wakiwa sawa, wote wakiwa na cha kujifunza na wote wakiwa na cha kusamehewa. Kazi ilikuwa kisingizio cha mazungumzo. Kwetu mambo yamepinduka: mazungumzo yamekuwa mapambo ya kazi.

Na hakuna mahali pasipohitaji kufundishwa kuishi na wageni kama Mnarani. Jina lenyewe latokana na mnara, na magofu yaliyo juu ya jabali linaloitazama hori ni ya mji wa Waswahili ulioishi tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Ipo misikiti, yapo makaburi, na zipo nakshi za maandishi ya Kiarabu zilizochongwa katika mawe ya matumbawe. James Kirkman alipochimba hapa na kule Gede, katikati ya karne ya 20, alikuwa akifukua ushahidi wa watu waliofanya biashara na ng'ambo ya bahari kwa karne nyingi. Vyombo vya kauri vya Uchina vilivyopatikana Gede si siri kwa mwanafunzi yeyote aliyewahi kupelekwa huko na mwalimu wake wa historia. Nyuma ya pwani hiyo zimo kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyolindwa na wazee kwa miiko kabla hapajakuwa na wizara wala idara ya misitu, na baadhi yake ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kijana wa Mnarani anapoambiwa kwamba amekuja mtu wa kumfungulia macho kuhusu mazingira na tamaduni nyingine, ana haki ya kutabasamu.

Sasa tuje kwenye mikoko, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, na hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema.

Kiingereza kina neno moja linalotumika kwa miti yote hii. Katika pwani ya Kenya kuna aina tisa, na Kiswahili kimeipa kila aina jina. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazamana na bahari, na mbao zake ziliwafaa waunda vyombo kwa mataruma. Nyuma ya mkoko huja muia, kisha mkandaa ambao magome yake yalitumika kutia rangi na kutengenezea ngozi. Mchu huvumilia chumvi kuliko wenzake, hata ukaweza kuota kule juu maji yafikapo mara chache. Halafu wapo mkomafi, mkomafi dume, msikundazi na kikandaa. Majina haya si orodha ya kukariri tu. Anayeyajua kwa mpangilio wake anakuwa na ramani ya ufuo kichwani: ipi huanza, ipi hufuata, ipi haitaki kufunikwa na maji kila siku.

Isitoshe, baada ya kukatwa mti hubadilika jina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Kwa boriti hizo zilijengwa nyumba za mawe za Lamu, na upana wa chumba ukaamuliwa na urefu wa boriti. Kwa boriti hizo majahazi yalirudi Uarabuni na Ghuba kila kusi ilipovuma, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Msamiati wa biashara hiyo bado u hai katika vinywa vya wazee, ingawa kila mwaka vinywa hivyo vinapungua.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na wanafunzi wangu hadi kwenye matope ya hori, kikundi kimoja cha wageni kilipokuwa kikipanda. Chama kilichokileta sina haja ya kukitaja. Bendera ndogo zilikwisha kuchomekwa kuonyesha mistari, na vijana walikuwa wakichomeka mbegu ndefu za mkoko, zile zinazoota zikiwa bado juu ya mti. Kazi ni nyepesi, na hupendeza kwenye picha. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akikokota mtumbwi wake kuelekea diko. Alisimama, akatazama, kisha akamwita kijana mwenyeji aliyekuwa mkalimani.

"Mwanangu, waambie hapa ni mahali pa mlilana. Mkoko hapa hautasimama. Bamvua ikija yote itang'oka."

Kijana aliwageukia wageni, akasema kwa Kiingereza kizuri sana kwamba mzee anawakaribisha na anawashukuru kwa kazi njema. Wageni walipiga makofi. Mzee naye, akidhani ushauri wake umepokewa, aliinua mkono akaenda zake.

Nilimwuliza yule kijana kando kwa nini hakutafsiri alichoambiwa. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na nia mbaya. "Mwalimu," alinijibu, "ningewaambia vipi kwamba wamekosea? Wana mtaalamu wao. Na hayo majina ya miti kwa Kiingereza siyajui. Kwa Kiswahili chenyewe nimeyasikia kwa babu tu, shuleni hatukusoma."

Katika jibu hilo yamo mambo mawili. La kwanza ni heshima iliyopotoka: aliona kwamba maarifa ya mvuvi hayana uzito wa kupingana na karatasi ya mtaalamu. La pili ni la lugha, nalo linatuhusu sisi walimu zaidi kuliko linavyowahusu wageni. Nchi hii imelea vizazi vya wanafunzi waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Halafu tunashangaa kijana wa pwani anaweza kueleza kwa ufasaha ongezeko la joto duniani, lakini hawezi kumweleza mgeni tofauti ya mlilana na mkoko iliyo hatua ishirini kutoka kwao. Somo la sayansi limefundishwa kwa lugha isiyo na majina ya vitu vilivyomzunguka. Somo la Kiswahili nalo limejaa ngeli na methali, likasahau ufuo.

Kuhusu miche ile, mzee alisema kweli ambayo wanasayansi nao wanaikubali. Kupanda aina ya mkoko kwenye tope la mbele, kwa sababu tu mbegu zake hupatikana na kupandwa kwa urahisi, ni mojawapo ya sababu zinazojulikana duniani za miradi mingi ya upandaji kufa. Imetokea sana Ufilipino. Kila mti una kiwango cha maji unachokivumilia. Ukiutoa hapo, hesabu ya miche iliyopandwa itakuwa kubwa na hesabu ya miti itakuwa ndogo. Nami naona ajabu kwamba taarifa za mabadilishano haya hutaja ya kwanza mara zote na ya pili kwa nadra.

Nitajibiwa kwamba majuma matatu hayatoshi kumfundisha mtu Kiswahili, na kwamba Kiingereza ndicho kinachowaunganisha Mjerumani, Mkorea na Mgiryama. Ni kweli, wala sidai kwamba kijana atoke Hamburg leo, keshokutwa aandike insha. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kwa hiyo hakina udhuru. Majina tisa ya miti hujifunzwa asubuhi moja. Bamvua na maji mafu, kupwa na kujaa, kusi na kaskazi, hujifunzwa jioni moja, na anayeyajua ataelewa kwa nini mwenyeji wake ameamka saa kumi usiku kwenda baharini na kesho hakuenda kabisa. Badala yake wageni hufundishwa "jambo" na "hakuna matata", yaani Kiswahili cha kaunta za hoteli. Hicho si kizuizi tu cha mazungumzo. Ni njia ya kumwambia mgeni kwamba hapa hapana zaidi.

Ipo mifano ya upande mwingine, tena si mbali. Kule Kuruwitu, kusini mwa Kilifi, wavuvi walioona samaki wakipungua walikubaliana mwaka 2005 kulitenga eneo la bahari lisivuliwe. Walilipa jina: tengefu. Ni neno lililochimbwa katika kitenzi "kutenga", na kila mwenye kulisikia anaelewa papo hapo kwamba kuna waliotenga, na kwamba waliotenga ndio wenye kuamua. Mwaka 2017 juhudi hiyo ilipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka uo huo tuzo hiyo ilikwenda pia kwa Mikoko Pamoja ya Gazi, kaunti ya Kwale, ambako wanakijiji tangu 2013 huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao na kutumia fedha hizo kwa maji na shule. Majina haya yote mawili ni ya Kiswahili, na sidhani kwamba ni kwa bahati tu. Karibu na Watamu, mpango wa A Rocha Kenya ulioanza mwaka 2001 huwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Na jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa kandambili kuukuu, lilisafiri mwaka 2019 hadi Unguja; mafundi wake, akiwemo Ali Skanda, hawakuhitaji mkalimani kujua taruma ni nini. Katika kazi za namna hii mgeni anakaribishwa na anafaidika, maana anaingia katika jambo lenye wenyewe.

Lakini neno "mabadilishano" lina maana nyingine ambayo hatuwezi kuikwepa. Kubadilishana ni kutoa na kupokea, na anayetoka huku yuko wapi?

Nipe ruhusa, msomaji, nikutajie tarakimu mbili tatu. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni wa kigeni, ikaweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa kompyuta, kwa ada iliyoanzia dola 30. Mwezi wa Juni mwaka uo huo ada ya viza ya Schengen ilipandishwa kutoka yuro 80 hadi 90 kwa mtu mzima, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Juu yake mwombaji hudaiwa ushahidi wa fedha benki na sababu za kumrudisha nyumbani. Mtoto wa mvuvi wa Mnarani atatoa wapi taarifa ya benki? Ujerumani ilianzisha mwaka 2008 mpango wa serikali uitwao weltwärts wa kuwapeleka vijana wake katika nchi za Kusini. Mlango wa vijana wa Kusini kwenda Ujerumani kwa mpango huo ulifunguliwa mwaka 2013. Norwei ilitangulia: mwaka 2000 iliupanga upya mpango wake wa kujitolea, ambao leo unaitwa Norec, ili safari ziwe za pande zote mbili. Basi yawezekana. Inahitaji tu mtu wa kulidai jambo hilo mezani, kabla ya miche kuagizwa.

Na wetu akienda, atakwenda kufanya nini? Wengine hudhani atakwenda kushangaa theluji. Mimi ningempeleka kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini, kwenye tope pana la maji kupwa linaloanzia Uholanzi, likapita Ujerumani hadi Denmark, ambalo lilianza kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2009. Huko nako watu huishi kwa saa ya maji. Huko nako, upande wa kaskazini wa Ujerumani, kuna lugha ya Kifrisia, yenye wasemaji wachache waliozungukwa na Kijerumani kila upande, na yenye maneno ya bahari ambayo vijana wa huko wanayasahau. Kijana aliyekua Mnarani akizijua bamvua zake angeuliza huko maswali ambayo mtalii hayawazi. Angegundua pia kwamba kupoteza lugha ya ufuo si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Hapo ndipo mazungumzo ya tamaduni yangeanza kwa haki, kila mmoja akiwa na jeraha lake mkononi.

Tunao mfano mkubwa zaidi. Wangari Maathai alisafiri kwenda Kansas mwaka 1960, mmoja wa mamia waliopelekwa Marekani katika safari za ndege alizozisimamia Tom Mboya, akasomea biolojia. Alichorudi nacho kilikuwa sayansi. Lakini alichoondoka nacho kilikuwa agizo la mama yake kwamba kuni za mugumo haziokotwi, kwa kuwa huo ni mti wa Mungu. Baadaye alieleza jinsi alivyouona uhusiano wa mizizi ya mti ule na vijito vya utotoni mwake. Harakati za Green Belt alizozianzisha mwaka 1977, na Nobeli ya mwaka 2004, zilitoka katika kukutana kwa elimu hizo mbili. Lau angekwenda Kansas bila ya mugumo, angerudi na shahada tu.

Basi walimu wenzangu, hasa ninyi wa Kilifi na Malindi mnaopokea barua za kuomba kuleta vijana, msijibu mara moja. Waulizeni wageni watarudi lini kuhesabu miche, si kupanda mingine. Mkalimani naye awe mtu wa kulipwa, aliyeandaliwa, na aliyeambiwa wazi kwamba kazi yake ni kusema lililosemwa, hata kama ni lawama. Mzee wa diko awekwe kwenye ratiba kwa jina lake na kwa posho yake kama mtaalamu mwingine yeyote. Siku hizi wageni hulipwa posho kwa kuzungumza juu ya mvuvi, naye mvuvi hupewa soda. Na katika vyama vya wanyamapori na mazingira vilivyomo mashuleni, ambavyo nchini vimekuwepo tangu 1968, wanafunzi waanze kabla ya mgeni kufika: waende ufuoni wakiwa na daftari, kila jina la mti, upepo, samaki na aina ya maji waliandike kwa Kiswahili, kwa Kigiryama au Kikauma panapowezekana, pamoja na jina la aliyewatajia na siku waliyoambiwa. Daftari hilo ndilo liwe kitabu cha kwanza anachopewa mgeni ashukapo basini.

Wanafunzi wangu walianza orodha ya namna hiyo wenyewe. Majina saba ya mikoko waliyapata siku ya kwanza, kwa wavuvi na kwa wakata boriti wa zamani. La nane lilichukua juma zima. Kikandaa hawakukipata kwa mwanamume yeyote waliyemwuliza; walikipata kwa bibi mmoja aliyekuwa akisuka makuti kibarazani kwake, ambaye alishangaa kwamba wametembea kote huko bila ya kumwuliza yeye.